Mama Watoto Hapandi Bila Bima

Jumatatu, 4 Machi
Bima ya pikipiki ilikwisha jana. Ajenti kapiga simu asubuhi, sauti tamu — mzee wangu, bei imepanda kidogo. Kidogo! Kidogo chake ni tairi mbili mpya na mnyororo juu. Nikamwambia, binti, mimi naendesha tangu hujazaliwa na sijaanguka hata siku moja. Bima ni ya wanaoanguka. Nikakata.
Mama watoto alikuwa anakunja nguo, masikio yote kwangu. Akasema ajali haina kinga. Nikamjibu: kama haina kinga, bima ya nini? Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa. Mji mzima hakuna mwenye majibu kama mimi.
Yeye hakucheka. Eti hapandi tena mpaka bima irudi. Atapanda tu. Kiti cha nyuma kimeshashika umbo lake.

Jumanne, 5 Machi
Hakupanda!
Kila Jumanne nampeleka kwa dada yake, ng'ambo ya daraja, yule anayeugua mguu. Leo nimewasha, nimepangusa kiti, nimepiga honi. Akatoka na mkoba wake, akanipita kama nguzo ya umeme, akamwita bodaboda wa pale kona. Kijana ana kofia mbili na kikoti kinachong'aa. Nikamsikia mama watoto anamwuliza, mwanangu, bima unayo? Ninayo mama, mpaka Desemba. Huyo, mguu juu, kamshika bega. Bega! Mimi hunishika kiuno. Lakini bega nalo ni mwili.
Nimeshinda nanoa kwa hasira. Visu vya bucha leo vinanyoa ndevu.

Jumatano, 6 Machi
Akili ni nywele, na zangu hazijaota mvi. Trafiki walisimama njia panda. Nikazima injini mbali, nikashuka, nikaikokota pikipiki na mashine yangu ya kunoa nyuma. Afande mmoja mwanamke akauliza, mzee, imekufa? Nikasema haijafa, imechoka, naipumzisha. Akacheka, akanipisha. Vijana na pikipiki zao mpya wamepangwa kando wanakuna vichwa!
Na kazi yangu haitaki hata barabara. Nikifika kwa mteja naisimamisha kwenye stendi, tairi la nyuma hewani, navalisha mkanda, jiwe linazunguka — cheche! Sasa hiyo ni pikipiki au karakana? Nani anakatia bima karakana iliyosimama? Nimemweleza mama watoto. Akauliza, na huko kwa wateja hiyo karakana inafikaje, inaruka?
Nikaenda kuoga.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekokota mpaka mgongo ukalia. Kwenye mteremko wa maseremala nikapanda, injini imezimwa. Kuteremka si kuendesha. Mashine ni nzito, ikanisukuma. Breki nilikamata vizuri kabisa, mkono wangu ni chuma — ila mlango. Fundi seremala kaegemeza mlango mpya wenye kioo pale nje, kana kwamba barabara ni ya baba yake. Kioo chote chini. Mama yake alikuwa kakaa hapohapo kwenye kigoda. Aliwahi kuvuta miguu.
Nikaanza mimi kufoka. Mlango huwekwa ndani! Seremala hakupandisha sauti. Kachukua ufagio, anafagia. Akasema, Mzee Makali, kioo utanilipa kwa kuninolea misumeno. Mguu wa mama ungenilipa kwa kunoa nini?
Nikapokea misumeno miwili kwa adabu. Mimi!
Nimerudi nyumbani naikokota njia nzima, wala hapakuwa na trafiki. Mama watoto kauliza mbona nakula polepole.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeingia kwa ajenti. Si kwa woga. Nilikuwa napita tu.
Ofisi ina feni moja, inamgeukia yeye peke yake. Akanieleza: bima ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe na pikipiki yako mtajijua. Kubwa inalipa wote. Nikauliza, hiyo ndogo inamlipa hata bibi kizee na mguu wake? Akasema hata huyo. Basi andika ndogo.
Maswali sasa! Ya matembezi au ya kazi? Nikamweleza mkanda, jiwe, cheche. Akaweka kalamu, akaita wenzake wa chumba cha pili waje wasikie. Nikawatoa nje wote, nikavalisha mkanda, nikaunoa mkasi wake. Sasa unakata hata uzi wa buibui. Walipiga makofi.
Akaandika ya kazi. Akauliza, unabeba abiria? Abiria! Mwanangu, mimi si bodaboda, tangu nizaliwe sijabeba abiria. Akapiga mstari, bei ikashuka. Nimetoka kifua mbele. Wazee wengine huibiwa mchana kweupe, mimi si wao. Inaanza kufanya kazi Jumatatu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepita njia panda nimeketi, injini inanguruma. Afande hakunisimamisha. Nikageuza, nikapita tena. Wapi! Mara ya tatu nikasimama mwenyewe, nikamwonyesha karatasi. Akasema, hongera mzee, umepona uchovu?
Misumeno miwili ya seremala tayari. Mama yake kaniitikia salamu vizuri, ila miguu kaikunja chini ya kigoda.

Jumanne, 12 Machi
Nimewasha mapema. Nikamkabidhi mama watoto karatasi, nikasimama kando nione uso wake. Akavaa miwani. Huyu husoma kila kitu, hata boksi la kiberiti. Alifika mwisho, akarudi juu. Hapa kwenye abiria pamepigwa mstari. Sasa mimi ni nani?
Nikasema, wewe si abiria, wewe ni mke wangu.
Akasema sawa, nikianguka hao wa bima wataniita nani?
Nikazima. Nikampigia ajenti. Eti anayekaa nyuma ni abiria, hata awe mke wa miaka mia, inaongezwa, ila amwulize bosi kwanza, nisubiri hapohapo. Nasubiri. Simu iko sikioni, inaniimbia wimbo. Naandikia juu ya tangi la mafuta, nimeketi, pikipiki iko kwenye stendi.
Bodaboda wa kona kapunguza mwendo hapa kwetu. Mama watoto kamwambia, pita mwanangu. Nimesikia kwa masikio yangu — pita!
Halafu kapanda. Huku nyuma yangu, mkoba mapajani. Nikamwambia mama, hatuendi popote. Akasema, nani kasema tunaenda? Ongea na simu yako.
Wimbo umekatika — haloo! Haloo, binti! — umeanza upya.