Ng'ombe Aliyekataa Kucheua

Jumamosi. Ukungu umeikalia Tumati tangu asubuhi, na nguo nilizofua jana bado mbichi.

Mjukuu wangu amenishinda. Kanipigia simu kuuliza kwa nini Waingereza wakimwona mtu amezama kwenye mawazo husema anacheua, kama ng'ombe. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kujiuliza. Nikafungua kamusi. Kumbe neno lenyewe, ruminate, wamelitoa kwa Walatini, kwenye jina la tumbo la kwanza la ng'ombe, lile linalotunza majani mpaka ayarudishe mdomoni na kuyatafuna upya.

Nani aliliona hilo kwanza? Lazima alikuwa mchunga ng'ombe, tena asiye na haraka.

Nikamkumbuka baba. Kwetu Getanuwas, enzi za mashamba ya ngano ya serikali, baba hakujibu jambo kubwa kabla hajaona ng'ombe wake wamelala, wanacheua. Akishajua ni wazima, ndipo akili yake ilitulia. Sasa siku washenga walipokuja kuniposa, ng'ombe wetu mwekundu alikuwa amevimba tumbo. Alikuwa amekula ngano iliyomwagika kutoka kwenye lori la shamba.

Mchumba mwenyewe alikuwa dereva wa mashine ya kuvunia, kijana wa Njombe. Washenga walikuwa madereva wenzake, nao wa kutoka mbali.

"Ng'ombe hacheui, wageni wangu," baba akawaambia. "Akicheua nitawajibu."

Wakatazamana, wakaaga.

Mimi jikoni nilitaka kulia. Nilimpenda yule kijana, sifichi. Mchana kutwa nililikodolea macho taya la ng'ombe, na sijui kama kuna bwana mifugo aliyewahi kumwangalia mgonjwa wake hivyo. Jua linakaribia kuzama, akabeua, taya likaanza kusogea. Baba akaniita, akaniuliza nasemaje. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza swali. Asubuhi akaenda mwenyewe shambani kupeleka jibu.

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nayo mpaka leo.

Leo, kamusi ikiwa bado mapajani, nikamsimulia mume wangu mambo ya Waingereza na kucheua kwao. Akacheka sana. Kisha akapunguza sauti ya redio.

"Mama Anna, mimi siku ile nilijua baba yako amenikataa kistaarabu. Nani anaahirisha posa kwa sababu ya tumbo la ng'ombe? Meneja alikuwa anatafuta dereva wa kwenda shamba jingine, mbali. Jioni ileile nikajitolea. Baba yako alipofika asubuhi, godoro langu lilikuwa juu ya lori."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii.

"Niliona aibu."

Nilinuna kidogo. Lakini udadisi wangu hauna adabu, nikauliza tena: mbona lori lilikuwa halijaondoka?

"Dizeli ilikwisha," akasema. "Tulikuwa tunasubiri gari la mafuta."

Amerudi kwenye redio yake kana kwamba hajasema kitu. Mimi nimekaa na chai iliyopoa, na nimeogopa, naogopa kweli, jambo la zamani ambalo hata halikutokea. Anna, wadogo zake, huyu mjukuu na maswali yake: wote wapo duniani kwa sababu asubuhi moja serikali ilikosa dizeli.

Niwaambie?