Mchuzi wa Jana Msiule

Baba watoto na wanangu,

Mchuzi wa jana mwageni. Mkate uko kabatini.

Leo asubuhi nimekunywa chai nikasikia sukari! Tangu ile homa mdomo wangu ulikuwa kama umepakwa majivu. Leo ladha imerudi. Nikakimbilia sufuria, nikaonja mchuzi: chumvi tupu! Kumbe miezi yote hii mnakula hivyo huku mkiniambia, “Mama, leo umepatia”? Waongo wakubwa nyinyi. Nimelia, kisha nimecheka peke yangu jikoni.

Nimekwenda bustani ya jiji, kwenye tamasha la kuonja vyakula. ~~Nitarudi kupika cha mchana.~~ Leo sipiki. Kitinda mimba avae viatu, si kandambili. Njooni upesi, nikionja peke yangu hakinogi kitu.

Mama yenu