Tulivyosindikizwa Makambako

Dada Wakesho mpenzi,

Nakuandikia ndani ya basi, Makambako tumeiacha sasa hivi. Baridi ya huku imenitia ganzi vidole, usiucheke mwandiko.

Kanisa la Njombe lilipanga kutuaga kesho baada ya ibada. Baba Neema akasema tukisubiri tutabebeshwa viazi mpaka Kenya, na hotuba hazitaisha. Nami nikakubali. Leo alfajiri tukafunga nyumba tukaondoka kimya kimya, sisi wamisionari wao, baada ya miaka yote ile ya kula mezani kwao.

Tuko stendi ya Makambako tunakula chipsi, ikaingia gari ndogo ya abiria, Noah. Wakashuka akina mama wa kwaya, wengine na kanga za jikoni. Mama Upendo, jirani yetu aliyekuta kufuli langoni, akanishika mikono yote miwili.

"Mama mchungaji, tusamehe bure. Tumechanganya siku, mkatoka kama watu wasio na wa kuwasindikiza."

Kwa watu wa huku, mgeni akiondoka peke yake, aibu ni ya mwenyeji. Nilitafuta namna ya kumwambia ukweli, nikaishia kusema asante. Baba Neema, mhubiri mzima, alikuwa anaziangalia chipsi zake. Wakatuimbia palepale mpaka basi likatoka.

Gunia la viazi liko miguuni pangu.

Nilikuambia msijisumbue kuja stendi ya Voi mwezi ujao tukirudi kutoka makao makuu ya misheni. Njooni, dada, wote. Mungu awatunze mpaka hapo. Na hivi viazi mle ninyi. Mimi havitanipita kooni.

Mdogo wako,
Mghoi