Tope la Utulivu

Utulivu, Manda, Lamu
6 Novemba 2024

Kwa Baba mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai u mzima huko Mombasa na mgongo umepoa. Sisi ni wazima. Mama ni mzima, na Saadiya ni mzima ila ameumwa na mbu akajikuna mpaka miguu imekuwa madoa.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Hapa simu zote, za wageni na za wafanyakazi, hufungiwa kwenye kasha ofisini, eti akili zipumzike. Barua nampa Jaafar wa boti ya mboga, naye ataipakia kwenye basi pale Mokowe.

Tangu shule zifungwe tunakaa na Mama kwenye vyumba vya wafanyakazi. Baba, watu hulipa kuja hapa kukaa kimya! Asubuhi hula bila kusema neno, hunywa majani yaliyosagwa yanayonuka kama matumbo ya samaki, kisha huletewa tope. Wafanyakazi wawili hulichimba mikokoni maji yakikupwa, hulichuja kwa kitambaa, na wageni hujipaka uso, shingo, mpaka midomo, wakakaa juani likauke. Meneja, Bwana Idarus, huwaambia kwamba mabibi wa Amu wamejipaka tope hilo miaka mia tatu. Nilimuuliza Mama kama Nyanya aliwahi kujipaka. Akanifinya.

Nimepata rafiki, Owen, wa Nairobi, miaka kumi na miwili. Mama yake hufundisha wageni kupumua. Sikujua kwamba kupumua kuna mwalimu. Tumeokota mtoto wa nguchiro chini ya mabati, mamake ameuawa na mbwa. Saadiya amemwita Tonge kwa sababu anaenea kiganjani kama tonge la wali. Mama alipiga kelele, "Mtoeni nde na uchafu wake!" Siku ya pili nikamkuta yeye mwenyewe anamlisha yai.

Utakuja lini? Hujaja huku tangu ulipomaliza kazi.

Mwanao,
Ruqaiya


Mombasa
13 Novemba 2024

Mwanangu Ruqaiya,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifika na nimeisoma mara mbili. Mgongo haujambo, alhamdulillah. Nisalimie mamako, na Saadiya mwambie apake mafuta ya nazi.

Wageni waacheni na tope lao. Kila mtu na anachokitaka. Huyo mnyama angalieni asiwang'ate, nguchiro si paka.

Ila nawakataza jambo moja, na nataka unisikie vizuri. Msipite nyuma ya chumba cha kufulia kuenda mikokoni. Kuna nyoka, na kuna samaki taa wamejificha mtangani, mwiba wake ukikuchoma utalia siku tatu. Chezeni mbele, upande wa ufuo.

Kuhusu kuja, kazi ya hapa haijaisha. Inshallah.

Babako,
Mselem


Utulivu
20 Novemba 2024

Kwa Baba,

Salamu zangu zikufikie, na afya yako iwe njema kuliko yetu. Naandika na mikono bado inanuka, ingawa nimeiosha kwa sabuni mara nne na ndimu juu yake.

Naomba radhi kwanza, maana ulitukataza. Tonge amekua, anatembea peke yake, na kila alasiri hurudi na harufu. Si harufu ya samaki aliyeoza. Ni harufu ya choo. Jana maji yalipokupwa, mimi na Owen tukamfuata. Alipita nyuma ya chumba cha kufulia, akaingia chini ya mizizi ya mikoko. Pale kuna bomba nene la kijivu limetokeza kwenye ukingo wa saruji, na linamwaga. Baba, linamwaga kila kitu. Karatasi za chooni zimening'inia kwenye mizizi kama nguo zilizoanikwa. Kaa wamejaa pale, wanono, wanakula. Na Tonge yumo katikati, anawala wao.

Owen akasema, "Hii ni choo. Hii ni choo yetu yote." Kisha akatapika juu ya viatu vyake.

Hatua thelathini na mbili kutoka hapo ndipo tope la wageni linapochimbwa. Majembe yameegemezwa papo hapo.

Na si wageni tu. Bi Thuwaiba na wenzake wa kijijini huokota chaza kwenye mkondo uo huo. Chaza wengine humuuzia Mama jikoni, wengine huwala wenyewe. Mjukuu wake anaharisha tangu Ramadhani, naye anadhani ni jicho la watu. Saadiya amekuwa akicheza hapo ufuoni, na maji yakijaa yote huwa maji mamoja. Tangu juzi tumbo linamuuma na mwili una moto.

Mama hakuniamini mpaka nilipompeleka. Aliporudi alimwaga sufuria nzima ya kaa wa nazi. Bwana Idarus akamwambia bomba limepasuka wiki hii tu, linatengenezwa, na kama anaipenda kazi yake afunge mdomo.

Wewe ni fundi wa mabomba. Bomba lililopasuka huwa hivyo? Nijibu upesi.

Mwanao,
Ruqaiya


Utulivu
4 Desemba 2024

Kwa Baba,

Assalaam alaykum. Natumai ni basi lililochelewa, si ugonjwa. Siku kumi na nne sijapata jibu. Jaafar hunitikisia kichwa kutoka mbali kabla boti haijafunga.

Saadiya amelazwa hospitali Amu. Ni homa ya matumbo. Mama yuko naye, mimi nimebaki nikisaidia jikoni ili nafasi ya Mama isichukuliwe na mtu.

Jumatatu katika saa ya kimya wageni walikuwa wameketi kwenye mikeka barazani, nyuso nyeusi, macho wamefumba. Tonge akaja mbio kutoka mikokoni, kaa mdomoni. Nguchiro humvunja kaa kwa kumpigiza chini, naye akachagua sakafu mbele ya mama yake Owen. Pa! Pa! Kaa alikuwa amezongwa na karatasi ya chooni, na karatasi haikuwa safi. Kipande kikamrukia bibi mmoja wa Kizungu kidevuni. Akakipangusa, akanusa vidole.

Owen akasimama. "Mum, hiyo kitu unajipaka kwa uso inatoka kwa choo. Mimi na Ruqaiya tumeona bomba."

Hakuna aliyepumua, na wote walikuwa wamefundishwa. Kisha wakakimbilia bafu. Mmoja hakufika, akatapika kwenye bakuli la maji ya mawaridi. Bwana Idarus akaja anacheka, "Watoto hawa wana michezo!" huku anamwashiria askari amuue Tonge. Owen akamficha Tonge ndani ya shati. Akang'atwa kifua mpaka damu, wala hakumwachia. Jioni hiyo tulimpeleka upande wa pili wa kisiwa, kwenye mawe, tukamwacha. Aliondoka bila kutazama nyuma. Owen alilia, mimi pia.

Mama yake Owen alidai simu yake kwa nguvu, akaja kulipiga bomba picha. Saruji ilikuwa imeota ukoga, akaukwangua kwa kisu ili picha itoke vizuri. Chini yake kuna maandishi yaliyochorwa kwa msumari. M.T. 3/2023, na mwezi mwandamo pembeni.

Kwenye tangi la nyumbani Amu kuna maandishi kama hayo, na mwezi kama huo. Nilikuwa nimekushikia msumari.

Mselem Taha ni wewe peke yako, Baba. Nakuuliza.

Mwanao,
Ruqaiya


Mombasa
9 Desemba 2024

Mwanangu Ruqaiya,

Waalaykum salaam. Namuomba Mola amuinue Saadiya kitandani. Nimempigia mamako, ameniambia homa imeanza kushuka. Hilo lingine hajui, nami sikumwambia.

Sina la kukuficha yeo. Ni mimi.

Ramani ilionyesha shimo kubwa la choo, lenye kuta na mfuniko. Tulichimba siku sita, mwamba wa Manda ukatuvunjia vyuma. Wageni wa kwanza walikuwa wanafika baada ya siku tisa. Idarus akaniambia, "Litoe bomba mikokoni kwa sasa, Mselem, bahari itasafisha. Shimo tutalichimba mwezi ujao." Nilikataa siku moja. Siku ya pili akaniambia jikoni kunatakiwa mpishi, na kwamba mke wangu anajulikana kwa mkono wake mzuri. Mamako alikuwa amekaa bila kazi miaka mitatu. Nikalilaza bomba. Mwezi ujao haukuja. Mimi nikaja Mombasa, na ndio sababu siji huko. Siwezi kukaa kwenye baraza ile nikaletewa chakula.

Nilipowakataza mikokoni nilidhani nawalinda. Sikujua tope linatolewa hapo. Wallahi hilo sikulijua. Lakini kwamba Bi Thuwaiba anaokota chaza hapo, nilijua.

Sasa nakuomba kitu. Mamako asijue. Akijua ataacha kazi, na nyumba itavunjika. Ukimaliza kusoma, ichome barua hii. Mimi nitazungumza na Idarus, atalitengeneza kimyakimya.

Babako,
Mselem


Amu
16 Desemba 2024

Kwa Baba,

Salaam. Saadiya anakunywa uji. Sisi wengine tu wazima wa mwili.

Sikuichoma. Nilimsomea Mama barazani hospitali, neno kwa neno, kwa sababu ningeificha ningekuwa nimelilaza bomba pamoja nawe.

Mama hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Rudia pale pa mkono mzuri." Nikarudia. Akaenda mferejini akanawa mikono, akanawa tena, mpaka muuguzi akamuuliza ana nini. Akasema, "Nilidhani kazi ile niliipata kwa kupika kwangu." Siku hiyo hiyo alituma ujumbe Utulivu kwamba harudi.

Baba, umeniandikia mimi, mwenye miaka kumi na mitatu, nikufichie. Lile bomba lilimtapisha Owen siku moja. Ombi lako lanitapisha kila nikilikumbuka. Usiku na mchana naona chaza wa Bi Thuwaiba, na wewe unapita ukimpa salamu na kumuuliza habari za wajukuu.

Na huyo Idarus wako halitengenezi. Maafisa wa afya walikuja Alhamisi kwa sababu ya picha za mama yake Owen. Wakakuta bomba limekatwa, ukingo umefukiwa kwa mchanga, na miche ya mikoko imepandwa juu. Akawaambia picha ni za mahali pengine, na maji machafu yote yanaingia kwenye shimo lililo chini ya bustani. Akawaonyesha mfuniko mpya. Wakamwambia Mama kwamba bila fundi aliyejenga kuja kuonyesha kwa mkono wake, hawana la kufanya. Wageni wapya wanaingia tarehe ishirini na saba. Tope liko kwenye ratiba.

Mama anasema usimpigie simu. Anasema una mdomo na una miguu.

Mwanao,
Ruqaiya


Amu
8 Januari 2025

Kwa Baba,

Assalaam alaykum. Jaafar amesema umepanga chumba Mokowe mpaka siku ya mahakama, na kwamba mgongo umekuzidi tangu siku ile ya kulifukua bomba. Pole.

Hukutuona, lakini tulikuwapo. Mama alisikia sokoni kwamba umeshuka Manda na maafisa, akanishika mkono tukapanda boti ya pili. Tulisimama nyuma ya akina mama wa kijijini. Nilikuona umeng'oa ile miche, umeondoa mchanga, umefika kwenye saruji, ukamwambia afisa, "Hili hapa jina langu." Kisha ukaenda bustanini ukakifunua kile kifuniko kipya mbele ya wageni, na chini yake hakukuwa na kitu, mwamba mtupu, na alama za vyuma vyenu vilivyovunjika. Bwana Idarus alikuwa akisema, "Mtu huyu ana kinyongo na mimi, mumuulize mkewe kwa nini aliacha kazi." Ukamjibu, "Mke wangu aliacha kwa sababu ni msafi. Mimi na wewe ndio hatuko hivyo." Hapo Mama aliinamisha uso.

Ulirudi mikokoni kuwaonyesha bomba lilikokuwa likimwagia, na matope yakakufika kiunoni. Nilijiziba pua kwa buibui. Naona haya kukuandikia hili, lakini nilitaka ukae humo zaidi. Nilitaka ujue harufu ile jinsi tunavyoijua sisi.

Kisha Bi Thuwaiba akatoka kwenye kundi na ndoo yake. Hakupiga kelele. Akasimama ukingoni akakutazama kwa tini, humo matopeni.

"Mselem. Karibu miaka miwili tumekula choo cha wageni, mimi na wajukuu wangu. Mato yako yalituona tukiokota?"

Wote walikuwa wanakungoja useme bahari, useme Idarus, useme kazi.

Ukasema, "Niliwaona, Bi Thuwaiba. Nilijua."

Akaimimina ile ndoo miguuni pako, chaza wote wa siku ile, akaenda zake.

Sasa Utulivu umefungwa kwa amri, na Idarus ameshitakiwa pamoja nawe. Mjukuu wa Bi Thuwaiba ameanza dawa, ugonjwa wake ni ule ule wa Saadiya. Owen ameandika kutoka Nairobi, kovu la kifuani anawaonyesha watu shuleni. Mama amepata kazi ya kupika mikate kwa jirani, ameipata kwa kuwaonjesha watu mikate.

Barua hii si ya msamaha. Mama hajaniambia anafikiri nini, nami mwenyewe sijui. Ninapokula bado nanusa kwanza. Nikisikia mtu anasifiwa kuwa babake ni fundi, naondoka pale.

Lakini Saadiya ametoka hospitali, amekonda, na anakuuliza kila siku. Mama amesema ukija Ijumaa baada ya sala, mlango hautakuwa na komeo. Atakuwekea chakula ukumbini, ule na Saadiya.

Mimi nitakuwa chumbani. Usinigongee. Nikiweza nitatoka mwenyewe.

Mwanao,
Ruqaiya