Baba Yetu Zefania, Mwenyeji wa Mkunguli

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Juni 1993 hapa Itigi, ukaacha miwani juu ya redio na chai ikipoa. Mama hajazoea mpaka leo.

Vitabu vyote vya hadithi ulivyoandika vilikaa katika mji mmoja, Mkunguli, mji wa reli ambao hakuna ramani inayoujua. Ili usipotee humo, uliuchora uani kwa majivu: stesheni, kisima, msikiti, kanisa, mnada wa mbuzi. Mama alifagia kandokando yake kila asubuhi, akiwafukuza kuku wasikanyage soko lako.

Bado tunacheka tukimkumbuka yule mzee wa Mitundu, msomaji wako, aliyekwenda stesheni kuomba tiketi ya Mkunguli, akagombana na karani. Na miaka ile ya foleni, mjini kwako sukari na sabuni zilijaa madukani. Biashara ilipofunguliwa na maduka yetu nayo yakajaa, watu wakakutania, "Itigi imeiga Mkunguli!" Ulifurahi kama mtoto.

Ila Mama alikuwa na donge lake. "Baba Luciana, majirani wote umewajengea nyumba kule vitabuni. Mimi mkeo sina hata kibanda?"

"Wewe sikupeleki," ukamjibu. "Ukihamia kule, nani ataniita nirudi kula?"

Na kweli, ukishazama katika kuandika, ni sauti yake tu iliyokurudisha. Asubuhi ile alikuita, akakuita tena. Hukuitika. Hilo linamuuma kuliko yote.

Siku za msiba watu walijaa uani, Mkunguli ukafutika chini ya mikeka. Tangu hapo Mama huota anasikia treni yako ikija, inapunguza mwendo, halafu inapita, maana haina pa kusimama.

Leo alfajiri amechota majivu jikoni, akauchora mji wako upya. Hakujijengea kibanda. Amechora barabara, kutoka stesheni ya Mkunguli mpaka mlango wa jiko letu. Kisha akasimama mlangoni, akaita kama zamani:

"Baba Luciana! Chakula tayari!"

Sote tuligeuka kutazama barabara ile.

Unakumbukwa na mkeo Damari, wanao Luciana, Sixbert na Theodora, dada yako Rahel wa Kinyangiri, wajukuu, na majirani wote uliowajengea. Hutatoka mioyoni mwetu, Baba.

Sahani yako tumeifunika.