Siku Tuliyoanza Kufyeka Katikati

Leo ni Jumamosi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hapa Matiri, mchana jua likawaka, na sasa manyunyu ya mwisho wa msimu wa mvua yanapiga bati taratibu kana kwamba nayo yamechoka. Mgongo unauma. Viganja vimetoka malengelenge, kwa sababu mkono uliozoea chaki haukubali kirahisi kuwa mkono wa nyengo, kifyekeo chetu cha huku. Lakini nina furaha isiyotaka kukaa kimya, na mke wangu ameshachoka kunisikiliza. Kwa hiyo naileta hapa, kwenye ukurasa huu ambao binti yangu alinifungulia ili, kwa maneno yake, nipate darasa lisilopiga miayo.

Leo nusura niuangushe mti wa baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mti wenyewe ni mkaratusi uliosimama mpakani mwa shamba langu la juu, mrefu kuliko mnara wa kanisa. Karibu na kilele chake kuna kiota cha kipanga. Watu wengi hapa humwita mwewe, nami huwasahihisha, nao hunivumilia. Mwewe ndiye yule mwenye mkia wa panda anayezunguka juu ya uwanja na kukwapua vifaranga vya kuku. Kipanga wangu ni mwingine. Ni mweusi mgongoni na mweupe kifuani, hujificha ndani ya majani kwa saa nzima, kisha hutoka kama jiwe lililotupwa. Mwaka huu ana makinda. Nawasikia wakilia njaa kila ninapopita chini.

Jirani yangu Osmund anataka mti huo ukatwe. Osmund ni rafiki yangu tangu utoto, na siku zetu hapakuwa na fundi wa mitego ya kwale aliyemfikia. Kwa waliokulia mjini, kwale ni ndege wa ukubwa wa kuku mdogo, anayependa kukimbia kuliko kuruka, na anayetaga chini kabisa kwenye nyasi. Tulipokuwa watoto, alfajiri walipigiana kelele kutoka kilima hadi kilima mpaka mtu hapati usingizi. Siku hizi asubuhi nyingi zinapita kimya. Osmund anaumia kwa jambo hili kuliko anavyopenda kuonyesha.

"Mjukuu wangu anamjua kwale kwa jina tu," aliniambia. "Nawe Mwalimu unafuga mwizi wake."

Hoja yake si ya kubuni. Kila mwezi wa Machi tunapofyeka mashamba yaliyopumzika, kipanga huja kukaa karibu, na watu wote humwona akichukua kwale mbele ya macho yao. Mimi sikubishana na alichokiona. Nilibishana na ambacho hakukiona.

Hapa lazima nieleze kidogo. Yule asiyetaka somo aruke aya tatu.

Kwale mmoja jike hutaga mayai mengi kuliko ambayo dunia itamruhusu kuyakuza. Mengine yanaozeshwa na mvua, mengine yanaliwa na nguchiro na nyoka, na vifaranga wengine wanachukuliwa na kipanga. Ndivyo ilivyokuwa hata siku zile ambazo kwale walitunyima usingizi. Kipanga alikuwepo, tena walikuwa wengi kuliko sasa, kwa maana mahali penye chakula kingi ndipo wanapoweza kulea. Chakula kikipungua, ndege wa namna hii hulea makinda wachache au huhama. Kwa kawaida si yeye anayeamua kwale wawe wangapi. Wingi wa kwale ndio unaoamua yeye aishi wapi. Na nikiokota manyoya chini ya mkaratusi wangu, mengi ni ya tetere na njiwa, wale wale wanaofukua mbegu zetu.

Kilichobadilika ni nyasi. Zamani shamba la ngoro, yaani mashimo yetu ya kulimia mlimani, lilipumzishwa miaka kadhaa mpaka nyasi zikampita mtu. Tangu biashara ilipofunguliwa na malori ya wanunuzi yakaanza kupanda mpaka mlangoni kutafuta mahindi na maharage, nani anapumzisha shamba? Silaumu. Watoto wamesomeshwa kwa maharage hayo, wangu wakiwemo. Ila kwale ndani ya nyasi ndefu haonekani, na kipanga huwinda kwa macho. Mnyang'anye kwale nyasi, umemweka mezani.

Halafu kuna namna yetu ya kufyeka. Wanaume wa ngokela, yaani kazi ya kusaidiana ambayo mwenye shamba hulipa kwa chakula na pombe, hujipanga pande zote nne za shamba na kushindana kuelekea katikati. Anayefika katikati wa kwanza hunywa kibuyu cha kwanza. Ni mchezo mzuri, nimeucheza. Lakini fikiria uko upande wa kwale mwenye vifaranga. Unakimbia kushoto, watu. Unakimbia kulia, watu. Unarudi ndani, tena ndani, mpaka kinabaki kisiwa kidogo cha nyasi katikati ya uwanja mweupe, na juu ya mti kuna mtu anakusubiri. Kila Machi tunamwandalia kipanga karamu kwa mikono yetu, kisha tunamwita mwizi.

Nilimweleza Osmund haya yote Jumapili iliyopita baada ya misa, watu wakiwa wamesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

"Basi wewe ndiye mwenye ngokela Jumamosi," alisema. "Fyeka unavyotaka. Kipanga akichukua hata kwale mmoja, mkaratusi unaanguka siku hiyo hiyo."

Nikasema sawa.

Nikiri, nilisema kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Hata mnunuzi wa mbao, ambaye siku hizi hupita vijijini akikumbatia kila mti mnene kwa kamba ya kupimia, alizipata habari kabla sijafika nyumbani. Na mke wangu, Mama Hilda, ambaye ni Mnyasa wa Liuli na hajawahi kunionea haya, aliweka sufuria chini na kunitazama.

"Kwetu ziwani mtu akitaka kubishana, hubishana," alisema. "Haweki rehani mti wa marehemu baba mkwe."

Wiki nzima nililala vibaya.

Leo basi. Ukungu ulipoinuka wanaume walikuwa wameshafika na nyengo zao za mpini mrefu. Osmund hafyeki tena kwa ajili ya kiuno, kwa hiyo tulimfanya mwamuzi, tukampa kigoda kule chini ambako shamba linakutana na vichaka vya kijitoni. Niliwaeleza wafyekaji kwamba tutapita kwa mstari mmoja mwembamba hadi katikati, kisha tugeuze migongo na kufyeka kuelekea nje, taratibu, ili kila kilichomo kiwe na njia ya kutokea.

"Na kibuyu cha kwanza atakunywa nani, kama katikati ndiko tunakoanzia?" aliuliza Kastori, kijana mwenye mikono mirefu ambaye hushinda kila mwaka.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mama Hilda ndiye aliyeokoa ngokela yangu. Alitangaza kwamba kila mtu atakunywa kibuyu cha kwanza kabla ya kushika nyengo. Upinzani ukaisha pale pale.

Kipanga alikuja mapema. Alikaa kwenye tawi kavu la mkaratusi, akatutazama tukiingia katikati kama mtu anayeona wapishi wamewasha moto mahali pasipo pake. Tulifyeka. Uwazi ukakua kutoka ndani, kama doa la maji kwenye nguo, na nyasi zikabaki pembeni pande zote. Nilisikia mchakacho mbele yangu, wa kitu kinachokimbia kwenda nje, chini chini, bila kujionyesha. Kisha mwingine. Sikuona ndege hata mmoja, na nadhani sijawahi kufurahia kutoona kitu kiasi hicho.

Kipanga aliruka. Akapita juu yetu, akainama kuelekea nyasi, akainuka makucha matupu. Wafyekaji wakamzomea. Akarudia, akakosa tena, na safari hii aliingia kwenye nyasi mzima mzima na kutoka amechafuka kama kuku aliyelala jivuni. Kastori alicheka hadi akaketi.

Nilicheka pia, lakini si kwa moyo wote. Juu kule makinda walikuwa wanalia. Namjua yule jike. Nimemwona akisimama kwenye mvua amefunika kiota kwa mabawa yake. Nilitaka kwale wapone wote na nilitaka yeye apate chakula, na akili yangu yote ya shule haikunisaidia kuyapatanisha hayo mawili.

Mchana ulipopinduka, zilibaki nyasi za ukingoni tu. Ndipo kwale mmoja, dume pengine, alipoacha kukimbia na kuruka juu, wazi kabisa, akivuka uwanja tulioufyeka. Kwa nini hakwenda vichakani kama wenzake sijui. Kipanga alishuka kutoka mkaratusini. Hakuna aliyezomea. Manyoya machache yalibaki hewani, naye akapanda na mzigo wake kuelekea kiotani, na kelele za makinda zikabadilika.

Nilifurahi. Nasema kweli, kitu cha kwanza kilichonipata ni furaha.

Kisha nikakumbuka mti.

Watu waliniangalia, wengine wakaangalia chini kwa adabu. Nilichomeka nyengo ardhini na kwenda nyumbani kuchukua shoka, kwa sababu neno nililotoa mbele ya watu siwezi kulirudisha mbele ya watu hao hao. Mama Hilda alinipisha mlangoni kama anayempisha mgeni, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kisha akanifuata shambani. Niliporudi, Osmund alikuwa ameacha kigoda chake na kupanda taratibu mpaka chini ya mkaratusi, mkono kiunoni.

"Shoka la nini, Mwalimu?"

"Umeona mwenyewe. Amechukua kwale."

"Mimi ndiye mwamuzi," alisema. "Nimeona amechukua panya."

Watu wakaguna.

"Mzee Osmund," alisema Mama Hilda, "panya huyo alikuwa anaruka."

"Ndiyo."

"Ana mabawa."

"Mambo yamebadilika, shemeji," alisema Osmund bila kucheka hata kidogo. "Tangu soko huria lije, hata panya wanajitegemea."

Kicheko kilichofuata kilianzia kwa Kastori na sijui kiliishia wapi. Mimi mwenyewe nililiegemea shoka nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kicheko.

Baadaye, wengine walipokuwa kwenye ugali na usipa, dagaa ambao Mama Hilda aliagiza kutoka kwao ziwani, nilimketisha Osmund kando na kumuuliza. Aliniambia kwamba pale kwenye kigoda aliona kwale mama akitoka kwenye nyasi, akasimama karibu na mguu wake, akaita kwa sauti ndogo, na vifaranga wakapita mmoja mmoja juu ya kiatu chake kuingia vichakani. Kisha familia nyingine. Kisha nyingine. Aliacha kuhesabu, alisema, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

"Nilidhani wamekwisha," alisema. "Kumbe tulikuwa tunawamaliza kwa mashindano ya pombe."

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba haikuwa pombe peke yake, kwamba suala la kupumzisha mashamba nalo ni kubwa zaidi, na kwamba siku moja tu haithibitishi jambo. Yote hayo ni kweli. Lakini nilimtazama, nikala usipa wangu.

Sasa ni jioni. Nyasi zimelala shambani zikingoja kukauka, kisha tutazipanga miraba na wanawake watazifunika kwa udongo wa ngoro. Ukingo wa kijitoni nimeuacha bila kufyekwa, hatua chache tu za nyasi. Maharage yatakayokosekana hapo hayatamfilisi mtu. Swali ninalobaki nalo ni dogo lakini halinipi raha: je, wenye mashamba mengine yote ya bonde hili, wasio na mwalimu mbishi wala mti wa kuwekea dau, nani atawaambia waanzie wapi?

Nilikuwa nimefika hapo nilipopata ujumbe wa simu kutoka kwa Osmund, ambaye kwa kawaida huandika kama anayelipia kila herufi. Ngokela yake ni Alhamisi. Anasema nije mapema na nyengo, nisije na maelezo, watu ameshawaeleza yeye mwenyewe.