Ukoko wa Ijumaa

Mpendwa kaka Shabani,

Sina anwani ya kuandika juu ya bahasha, kwa hiyo barua hii naiacha wazi, aisome atakaye. Wewe mwenyewe hukupenda kusoma. Ukiletewa barua ulikuwa unanipa mie, unajilaza mkekani na kusema, "Haya, nisomee, ila ruka salamu." Leo nimeziruka.

Nianze na ukoko, maana ugomvi wetu wote ulianzia hapo. Kule kwetu Temeke, mama akishapalia wali, akishaondoa makaa juu ya mfuniko na kupakua, wewe umekwishachuchumaa kando ya sufuria na kijiko mkononi. Ukoko ulikuwa wako. Nani aliamua hivyo, sijui mpaka leo. Nikilalamika, mama alinijibu, "Mwache kaka yako, ndiye atakayetubebea mizigo." Basi unakwangua, unachagua kipande kikavu kuliko vyote, unakuja nacho hadi sikioni kwangu na kukitafuna pale pale, krr, krr. "Unasikia utamu huo, Mwajuma? Kula kwa sikio." Mimi nalia kwa hasira, mama anacheka mpaka anashika mbavu.

Kiwanda chenu kilipowapunguza kazini ulibadilika. Maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, sabuni za kunukia, vitambaa, redio kubwa kubwa, na wewe unavitazama mikono ikiwa mifukoni. Ukaanza kushinda Kurasini na vijana wa bandarini. Kisha asubuhi moja ukaaga kwamba unakwenda Kimbiji kumwona rafiki yako anayeumwa. Mama akakuambia urudi na samaki. Ukasema, "Nitaleta, mama."

Tuliwangoja samaki hao. Mimi ndiye niliyevuka na pantoni, nikatembea njia ile ya mchanga hadi Kimbiji, nikauliza nyumba hadi nyumba. Hakukuwa na mgonjwa, wala mtu aliyekuona. Baadaye sana mmoja wa wenzako wa Kurasini akaninong'oneza kwamba umezamia meli. Hasira yangu kwako ilianza siku hiyo na haijaisha, nisikufiche. Kwa nini hukuniambia hata mimi? Ningekukataza, ni kweli. Lakini nisingekuweza, na mwishowe ningekuwekea sweta.

Mama hakulia mbele yetu. Alichofanya ni kwenda kambini. Unaikumbuka ile kambi ya watu wasio na makwao, nyuma ya soko, tuliyokuwa tukiipita mbio tukitoka chuoni kusoma Kurani, kwa kuwaogopa wazee wake? Alipeleka futari mwezi wa Ramadhani, akamkuta mpishi yuko peke yake na moshi wake. Akavua baibui, akajifunga kanga kiunoni, akashika mwiko. Ramadhani ikaisha, mwenzetu akaendelea. Akishauza vitumbua vyake asubuhi, huyo, anakwenda kuwapikia watu bure. Majirani wakasema mtoto kampotea na akili zimemfuata. Mimi nilimfuata kwa sababu sufuria lile halitelekwi na mtu mmoja, na kiuno chake unakijua.

Siku moja, tunachagua mchele, nikamuuliza anapata nini pale. Hakuacha hata kupepeta.

"Na huko aliko Shabani, si anapikiwa na mama wa mtu? Mie nikikaa kitako, na yule naye atakaa kitako."

Nikarudi kuchagua mchele.

Siku nyingi tulipika ugali na maharage. Ijumaa ilikuwa wali, kwa sababu ya Bi Sakina, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akileta mchele na kukaa nasi kibarazani kuchagua mawe, huku analalamikia mgongo wake na wakwe zake. Na wali ukishapakuliwa, mama alikuwa anaukwangua ukoko wote, anauweka kwenye bakuli, anaufunika kwa lile kawa jekundu la bibi na kuliweka juu ya rafu ya jiko. Hampi mtu. Kuna mzee mmoja alikuwa hakosi kuomba.

"Mama, nipe hata kidogo, nikalowekee kwenye chai."

"Ukoko wanakula wenye meno, babu. Wewe kula huo ubwabwa laini, Mungu kakupendelea."

Mzee anacheka na ufizi wake mtupu. Lakini Bi Sakina alipouliza, mama alimwambia ukweli. "Wa mwanangu huo. Akitokea leo, atakuta nini?" Tangu siku hiyo Bi Sakina, akishaingia tu jikoni, analitazama kwanza kawa.

Jioni tulikuwa tunaubeba hadi nyumbani, na Jumamosi wanapewa kuku. Kuku wetu walinenepa kwa ukoko wako, kaka. Mimi Ijumaa moja nilinyoosha mkono, mtu mzima, mtoto yuko mgongoni, na mama akanichapa kofi la vidole. "Si wako."

Baba mdogo alikuja nyumbani na wazee wawili. Akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, miaka inakwenda. Tumsomee mtoto hitma, apate haki yake." Mama akasimama. "Hitma anasomewa maiti. Mnaye maiti nyie? Nionyesheni." Wakainuka bila hata kumaliza chai. Na mimi, kaka, sikujua niko upande gani. Nilitaka uwe hai. Nilitaka pia mama aache kugeuka kila mlango wa jiko unapolia. Kungoja kulikuwa kunamla, mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza, na anayepikia kambi nzima alikuwa haonji.

Kisha akaja Mudi. Mtu wa Tanga, amerudishwa kutoka Afrika Kusini, kifua kinambana, anaona haya kwenda kwao mikono mitupu, ndipo akaishia kambini. Ilikuwa Ijumaa. Alikaa mlangoni mwa jiko kuotea moto wakati mama anakwangua sufuria.

"Dah, mama, mlio huo!" akasema. "Tulikuwaga na mshikaji wetu Durban, ukimwekea nyama na ukoko, anachukua ukoko. Halafu anakuja kukutafunia sikioni, makusudi, akuudhi tu."

Sahani niliyokuwa nasuuza ikanitoka mkononi. Mama hakugeuka.

"Anaitwa nani?"

"Shabani. Mtoto wa hapa hapa Temeke."

Alilisema hilo anatabasamu, kisha akanitazama mimi. Unajua tulivyofanana. Tabasamu likamwishia, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama," akasema. "Mama, nisamehe." Ikawa hakuna haja ya kusema zaidi.

Nilidhani mama atapiga kelele, au atauliza ilikuwaje. Aliulaza mwiko juu ya mfuniko, taratibu, akauliza, "Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula, mama. Kuna bibi mmoja pale kanisani, wanagawaga chakula kwa watu wa mtaani. Akampenda sana. Akipika uji wao ule mgumu wa mahindi, anamkwangulia chini ya sufuria, anamwekea pembeni. Hampi mtu."

"Hampi mtu," mama akarudia.

"Sie tukiomba anatutishia mwiko. Shabani alikuwa anasema, huyu ndo mama yangu wa huku."

Mama akauliza, "Nani alimwosha?"

"Waislamu wa msikiti wa jirani. Ilikuwa kifua, mama, baridi ya kule. Wakamwosha, wakamswalia, wakamsitiri vizuri. Mie nilikuwepo."

"Mwenyezi Mungu amlipe yule mama," akasema. Akauchukua tena mwiko, akapakua mpaka mtu wa mwisho akapata chakula chake. Ndipo akakaa chini kwenye majivu na kulia, na Bi Sakina akakaa naye hapo hapo na gauni lake zuri.

Ijumaa iliyofuata tulikusomea hitma. Mama hakutaka ifanyike nyumbani, alitaka iwe kambini, na hakutaka pilau. Alikupikia wali wa nazi. Baba mdogo alikuja na maalimu, wazee wa kambi wakakaa kwenye majamvi, Mudi akawa anagawa maji ya kunawa. Walipokwisha kula, mama akaanza kukwangua. Mimi kwa mazoea nikanyanyuka kwenda kuchukua lile kawa.

"Liache," akasema.

Akachagua kipande kikavu kuliko vyote. Akaninyooshea.

"Kula wewe, mwanangu. Mwenzio keshashiba."

Kaka, ukoko ule nimeutamani tangu utoto wangu. Nilikitia kile kipande mdomoni mbele ya watu wote, nikatafuna. Ukoko ukalia masikioni mwangu, krr, krr, na nikageuza kichwa kabisa, kama mjinga, kuangalia nani amesimama nyuma yangu.

Bado tunapika. Kawa tumelitundika ukutani, ukoko wanalowekea chai wazee, na mama sasa anaonja chumvi mwenyewe, mara nyingine anakula hata sahani nzima. Mimi hasira zangu nitakwenda nazo polepole. Pumzika huko ulikolazwa, na ukikutana na yule bibi wa Durban siku watu wote watakapokutana, umwambie kuna mwenzake wa Temeke anamtafuta amshike mkono.

Ni mimi mdogo wako, uliyemnyima ukoko,

Mwajuma